Kati ya Mchikichi na Kanisa

Hippolyte alipiga kigingi cha kwanza kwenye shina la mchikichi uliopasuka, katika ua wa Mama Waridi, akafungia kamba hapo. Alikuwa karani mpelelezi wa serikali kutoka Kabambare, mtu wa sauti ya chini, mwenye mazoea ya kupima kabla ya kuuliza. Polisi Jean-Baptiste, aliyefuatana naye kwa baiskeli katika njia ya matope, alishika ncha ya pili ya kamba bila furaha.

"Bwana karani, tunapima shamba ama tunatafuta mutu aliyeua?"

"Tunapima kwanza."

"Aliyeua ni radi. Nitamufunga pingu wapi?"

"Vuta kamba, Jean-Baptiste."

Jumapili iliyopita mvua ya kwanza ya msimu iliingia kijiji cha Lubondwe na radi. Ilipasua mchikichi huu. Na ng'ambo ya njia, kwenye pembe ya kanisa dogo la kijiji, ilimuua Régina, binti wa Jean-Marie mhunzi, aliyekuwa aolewe mwezi ule ule. Mama Waridi, mjane Mwislamu, mwenye ua na mwenye mti, alikuwa ameketi hapa chini ya upenu, karibu na mti kuliko mtu mwingine yeyote, na hakuumia. Mwaka uliotangulia alikuwa ametuma mshenga kumposa Régina kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, akakataliwa. Kwa watu wa Lubondwe mambo hayo mawili yalitosha kusema kwamba ndiye aliyeituma radi. Jioni ile ile walimkamata wakamtia katika kasho la sultani, chumba cha kufungia watu, na kesho asubuhi baraza lingekaa. Kila mtu alijua litaamua nini: nyumba yake ichomwe, naye afukuzwe nchi.

Administrata, mkuu wa serikali kule Kabambare, alimpa Hippolyte hadi baraza hilo alete sababu nyingine ya kifo, sababu ya kushikika mkononi. Asipoileta, shauri lingebaki kwa sultani.

"Kuku wake walikuwa hapa," alisema Jean-Baptiste, akionyesha tenga lililofunikwa chini karibu na mti. "Hakufa hata mumoja. Watu wanasema radi ilijua kuku wa bibi yake."

"Miguu ya kuku imekaribiana. Umeme ukipita ardhini unaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Hatua ikiwa ndogo, unaingia kidogo. Kuku ni shahidi mdogo mno. Mbuzi yuko wapi?"

Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Jumapili alikuwa karibu na mti, kichwa kimeuelekea, miguu ya nyuma mbali. Alianguka, akalala hadi jioni, akaamka. Sasa alikuwa akila maganda ya ndizi huku mguu mmoja wa nyuma ukiburuta.

Hippolyte alimpapasa mbuzi mgongoni kwa muda.

"Huyu alikuwa karibu na mti, miguu yake imeachana, na amepona," alisema. "Régina alikuwa kule kanisani, akafa. Hilo ndilo linalonisumbua."

*

Kasho la sultani lilikuwa chumba cha udongo kisicho na dirisha. Mlinzi alifungua mlango nusu. Mama Waridi alikuwa ameketi juu ya majani ya mgomba, mgongo umenyooka, kichwa kimefunikwa vizuri kana kwamba yuko nyumbani akingoja wageni.

"Salam aleikum, mama."

"Aleikum salam. Weye ndiye mutu wa Leta, wa serikali?"

"Ndiye."

"Wamekutuma uniulize dawa ya radi nimeificha wapi?"

"Nimekuja kukuuliza ulikuwa umekaaje."

Akamtazama. Tangu Jumapili hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Nilikaa juu ya kinu. Nilikilaza, nikakaa, namenya karanga."

"Miguu?"

"Miguu nayo juu ya kinu. Maji yalikuwa yanapita chini, na miye baridi inaniingia magotini."

"Ulisikia mshindo mara ngapi?"

"Mara moja. Lakini niliiona, bwana. Ilikuwa na matawi mawili. Moja lilikuja kwangu, lingine lilikwenda kule kwa watoto. Nilimuita Régina jina lake. Hakuitika. Nikakimbia nikamufunika kitambaa changu, mvua isimupige usoni. Ndivyo walivyonikuta. Wakasema, tazameni, anamalizia dawa yake."

"Wanasema ulikuwa na kinyongo, kwa sababu ya posa."

"Posa walikataa kwa heshima. Wao Wakristo, miye Mwislamu. Nilijua watakataa, lakini binti alikuwa mzuri, kuuliza ni kosa?" Alipangusa mikono yake ambayo haikuwa na kitu. "Wakinifukuza, nitakwenda wapi? Mume wangu iko amelala nyuma ya nyumba ile. Nani atapalilia pale?"

Hippolyte alimshukuru, akatoka.

*

Musafiri alikuwa mchuuzi wa chumvi. Sultani alimkataza kuondoka Lubondwe kabla ya baraza, kwa kuwa Jumapili alipita njiani kati ya mchikichi na kanisa wakati ule ule, na radi haikumgusa. Minong'ono ilikuwa imekwisha kumfanya msaidizi wa Mama Waridi.

"Wanasema nimemuletea dawa ndani ya chumvi," alisema kwa hasira. "Wenyewe wameila chumvi hiyo siku zote hizi. Basi waanze kupiga radi nao!"

Jean-Baptiste alicheka. Hippolyte alimwomba Musafiri awaonyeshe mahali alipokuwa.

"Hapa. Jiwe hili, mbele yake kidogo. Ninalijua sababu nilijikwaa pale, nikatukana, kiisha nikaona kanisa na kusikia haya. Ndipo ikapiga. Nyuma yangu mbuzi akaanguka. Mbele yangu watoto wa kike wawili wakaanguka. Miye nikabaki wima kama mulingoti."

"Ulikuwa umesimama?"

"Nakimbia! Kichwani chumvi, mvua inakuja. Chumvi ikilowa, watoto wangu watakula nini?"

"Hatua ndefu?"

"Ndefu namna hii." Akapanua miguu hadi Jean-Baptiste akamwambia atajipasua.

"Viatu?"

Musafiri aliinua unyayo wake mgumu, uliopasuka kisigino. "Viatu vyangu hivi. Nilipewa na mama yangu."

"Na hukusikia kitu? Hata ganzi?"

"Hata kama kuumwa na sisimizi."

Hippolyte alirudi kwenye jiwe, akachuchumaa. Mtu mzima, peku, udongo umelowa, hatua ndefu. Kila alichokijua kilisema Musafiri alipaswa kuanguka. Watu wa Lubondwe walikuwa wameona jambo la ajabu na hawakukosea kuliona. Walikosea kwa kulitolea maelezo upesi.

Alipiga kigingi cha pili mbele ya jiwe.

"Jean-Baptiste, ulipata kusoma habari ya umeme?"

"Nilisoma kupiga saluti."

"Kasongo kulikuwa na mwalimu, Pacifique. Alitufundisha sisi wa madarasa ya jioni. Alikuwa akitoa kiini cheupe cha mti wa muhogo, anakikausha jikoni, anatengeneza vijipira vidogo vyepesi, anavitundika kwa uzi wa hariri."

Alieleza taratibu, akichora kwa kijiti kwenye udongo. Mwalimu alisugua kioo cha taa kwa hariri, akakigusisha kwenye kijipira. Kijipira kikapata chaji, yaani umeme unaotulia juu ya kitu bila kutiririka. Kijipira cha pili, kidogo zaidi, kikipewa chaji ya namna ile ile na kuletwa karibu, kilisukumwa na uzi wake ukainama. Kikipelekwa mbali, kiliinama kidogo. Na msukumo ulipungua upesi: umbali ukiwa mara mbili, ulibaki robo, ukiwa mara tatu, ilibaki sehemu moja ya tisa.

"Siku moja akaficha kijipira kingine nyuma ya kitambaa. Hatukujua kiko wapi, wala kina chaji kiasi gani. Akatuachia kimoja tunachokijua, na kile kidogo cha kujaribia. Akasema, tafuteni. Sisi tukatafuta mahali ambapo kijipira kidogo kinainama sana. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema, tafuteni mahali kisipoinama kabisa."

"Mahali pasipo na kitu utapata nini?" aliuliza Jean-Baptiste.

"Hapo kuna vitu viwili. Kinachojulikana kinasukuma huku, kilichofichwa kinasukuma kule, sawasawa, na kijipira hakijui kimfuate nani. Mahali hapo pako kwenye mstari mnyoofu kati ya vyote viwili. Pima umbali wa kila upande, utajua kilichofichwa kina nguvu mara ngapi ya kile unachokiona."

Polisi alitazama mchikichi, akatazama jiwe.

"Na radi nayo ni hivyo?"

"Ikiingia ardhini mahali pamoja, nguvu yake husambaa pande zote kwa kanuni ile ile. Karibu ni kali, umbali ukiongezeka mara mbili inabaki robo. Ardhi si hewa, kuna mawe, kuna mizizi, sisemi itakuwa sawa kabisa. Lakini Mama Waridi aliona matawi mawili kwa mshindo mmoja. Yakiingia ardhini mahali pawili kwa pamoja, lazima kati yake pawe na mahali ambapo mtu anaweza kupita salama."

"Kwa hiyo Musafiri ndiye kijipira."

"Ndiye."

"Bwana karani," alisema Musafiri, "niandikie hivyo kwenye karatasi, nimuonyeshe muke wangu."

Walipima. Kutoka mchikichi hadi kigingi cha Musafiri, kamba moja nzima. Kisha Hippolyte alisimama nyuma ya mchikichi, akafumba jicho moja, akamwongoza Jean-Baptiste kwa mkono: kushoto kidogo, tena kidogo, hapo. Mstari uliotoka mtini na kupita kwenye kigingi ulivuka njia, ukavuka kiwanja cha kanisa, ukafika penye pembe ya ukuta. Kutoka kigingi hadi pembe ile, kamba mbili.

Hippolyte alipima tena. Kamba mbili, pungufu ya shubiri.

"Umbali mara mbili," alisema. "Ili nguvu za pande mbili zilingane hapa, ya kanisani ilibidi iwe mara nne ya hii ya mti."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Watu wameutazama mchikichi kwa sababu umepasuka na unaonekana. Mti ulipata tawi dogo. Radi kubwa ilishukia kanisa."

"Kanisa halikuungua," alisema Jean-Baptiste.

"Ndiyo. Twende tukaulize kwa nini."

*

Cécilia, rafiki wa Régina aliyeanguka pamoja naye, aliletwa na shangazi yake. Alikuwa bado akitembea kwa kushika mkono wa mtu. Alionyesha mahali alipokuwa, katikati ya ukuta, chini ya upenu.

"Na Régina?"

"Pale kwenye pembe. Aliegemea."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Msichana alitazama shangazi yake.

"Sema, mama," shangazi alimwambia. "Si vibaya."

"Alikuwa ananionyesha miguu. Alivaa miguuni mitali ya harusi, bangili za shaba, papa yake alimaliza kuifua Jumamosi. Mama yake alimukatalia kuivaa mbele ya siku yenyewe. Yee akaivaa tu, akaficha na kitambaa hadi misa ikaisha. Alikuwa anapiga mguu chini ilie." Cécilia aliuma mdomo. "Nilimuambia, nipe nijaribu mumoja. Akasema, ngoja kwanza, ngoja nisikie inavyolia."

Hippolyte alimngoja amalize kulia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Mitali iko wapi?"

"Alizikwa nayo."

Walipoondoka, alichuchumaa penye pembe. Kila kiangazi akina mama wa kanisa walisiliba kuta kwa udongo mweupe, na silibo ya mwaka huu ilikuwa bado safi, isipokuwa hapa. Hapa bamba kubwa lilikuwa limeruka, na vipande vyake vilitawanyika mbali kuliko maji ya upenu yanavyoweza kuvipeleka. Mvua haisukumi udongo kutoka ndani kwenda nje.

Aliingiza vidole, akabandua silibo iliyobaki. Ndani ya ukuta ulishuka waya mnene wa shaba.

Yeye na Jean-Baptiste walirudi nyuma, wakatazama juu ya paa. Msalaba wa chuma ulisimama pale, na ncha yake ya juu ilikuwa kali kama mkuki. Paratoneri: chuma cha kuipokea radi na kuiteremsha kwa waya hadi chini sana ardhini. Padri aliyejenga kanisa aliiweka, kisha akahamishwa, na kwa kadiri Hippolyte alivyoweza kujua baadaye, hakuna aliyewaeleza watu wa Lubondwe ile ni nini.

Waya ulishuka vizuri ukutani. Ulipokaribia ardhi, kama kimo cha goti, uliishia hapo. Ncha yake ilikuwa imeyeyuka ikaviringana kama tone.

"Leta jembe," alisema Hippolyte.

Jean-Baptiste alichimba chini ya pembe. Udongo ulikuwa laini, wa kuchimbwa kiangazi hiki. Ulifuata mfereji mwembamba kwenda mbali na ukuta, na mfereji ulikuwa mtupu hadi mwisho. Waya wote wa ardhini ulikuwa umeng'olewa. Radi ilishuka kwa njia iliyotengenezewa, ikafika kwenye goti la msichana, na hapo njia ikawa imekwisha.

Polisi aliegemea jembe. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lubondwe nzima," alisema polepole, "mufua shaba ni mutu mumoja."

"Usiseme bado."

"Lakini, Bwana karani..."

"Usiseme bado. Nipe tindo nikate kipande hiki."

*

Jean-Marie hakuwa nyumbani, ambako wanawake wa matanga walikuwa wamekaa na mkewe. Alikuwa kwenye kizingiti cha kiwanda chake, mivukuto imelala, jivu baridi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Alisimama kumpa Hippolyte kigoda, yeye akakaa chini.

"Pole, fundi."

"Asante, Bwana."

"Mitali aliyozikwa nayo Régina ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Ilikuwa mizuri?"

Swali hilo lilimshangaza. "Mizuri. Sijafua kitu kingine namna ile. Kwetu binti hatoki kwa baba yake miguu mitupu."

"Shaba ulitoa wapi?"

"Salamabila. Kwa watu wa mugodi."

"Mtu gani?"

"Mutu tu."

"Lini?"

"Zamani."

Hippolyte hakumwambia kwamba anasema uongo. Alitoa kipande cha waya mfukoni, akakiweka chini kati yao, upande wa ncha ukimwelekea mhunzi.

"Hiki nimekitoa ukutani pa kanisa."

Jean-Marie alikiokota. Alikigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza chuma kila siku, akapitisha kidole gumba juu ya tone.

"Imeyeyuka," alisema. "Moto gani huu? Wangu haufiki hapa, hata kwa mivukuto..."

Hakumaliza. Kidole kilibaki juu ya shaba. Hippolyte alitazama pembeni. Jean-Baptiste alivua kofia.

"Nilidhani iko kamba ya musalaba," alisema Jean-Marie mwishowe. "Ya kuufunga, upepo usiuangushe. Niliwaza sana, Bwana. Sikutaka kuharibu kanisa. Nikasema, ya juu inashika musalaba, niiache. Hii ya chini imezikwa tu, haishiki kitu. Nikachukua ile. Akina mama walikuwa wanasiliba siku zile, nikawaambia pembe hii nitaisiliba miye."

"Ni wewe uliyesiliba?"

"Vizuri kabisa. Haikuonekana."

Upande wa nyumbani wanawake walianza wimbo wa matanga, wakaukatisha katikati.

"Waya ungekuwa mzima," aliuliza Jean-Marie, "angepona?"

Hippolyte alisogeza kigoda karibu naye.

"Radi haina ahadi. Siwezi kukuambia asingeumia, ameegemea pale. Ninaweza kukuambia kwamba nguvu kubwa ingeshuka chini sana, mbali na miguu yake. Waya uliwekwa kwa kazi hiyo."

"Basi angepona."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, Bwana. Asante kwa kuwa umesema polepole."

"Mkeo anajua?"

"Léocadie aliiona shaba. Hakuuliza inatoka wapi. Alifurahi."

Hippolyte alisimama, akakirudisha kigoda mahali pake.

"Kesho nitalieleza baraza nilichokipima na nilichokichimba. Aliyekata waya sikumwona akikata, na jambo ambalo sikuliona silisemi mahali pako. Lakini uelewe hili, fundi. Waya umekatwa, na watu watataka jina. Jina walilo nalo mdomoni ni moja."

Mhunzi hakuinua kichwa. Waliondoka wakamwacha na kipande cha waya mkononi.

"Akitoroka usiku?" Jean-Baptiste aliuliza njiani.

"Atakwenda wapi?"

"Ama akinyamaza?"

"Hapo nitasema shaba ya mitali ilitoka wapi, na sultani ataamuru kaburi lifukuliwe ili shaba ilinganishwe na waya. Sitaki kufika huko. Nimpe asubuhi moja."

*

Baraza lilijaa mapema. Mama Waridi aliwekwa peke yake upande wa jua. Sultani, mtu mnene mwenye kikohozi, alimpa Hippolyte nafasi ya kwanza, akasikiliza habari za mti, jiwe na pembe bila kukatiza. Wazee wawili walifuatana na Hippolyte hadi kanisani, wakatazama msalaba, wakaingiza mikono yao katika mfereji mtupu. Waliporudi mmoja wao alisema, "Ni kweli, kulikuwa na kitu, kimeondolewa."

"Basi nani ameondoa?" aliuliza sultani.

"Waridi!" mtu alipiga kelele nyuma. "Nyumba yake iko karibu! Alikata ili radi ipate njia!"

Sauti nyingine zikaunga. Hata wale waliokuwa wameanza kutilia shaka waliona hilo linaeleweka. Mama Waridi alifumba macho. Hippolyte akaanza kuinuka.

"Miye."

Jean-Marie alikuwa amesimama katikati ya ndugu zake. Wengine hawakusikia, ikambidi arudie.

"Miye nilikata. Kwa ajili ya mitali. Waridi hajui neno."

Aliieleza habari ya kamba ya msalaba kwa maneno yale yale ya jana. Alieleza ya juu aliyoiacha na ya chini aliyoichukua. Hakujitetea. Alipofika kwenye silibo aliishia hapo, akakaa chini.

Hakuna aliyelia. Léocadie, aliyekuwa kati ya wanawake, alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akainuka, akajifunga kitambaa chake upya kiunoni, akatoka barazani peke yake kwa njia ya makaburini. Dada zake walimfuata kwa mbali.

Sultani alikohoa. Alisema shauri la waya ni la mapadri na serikali, na kwamba aliyefiwa hatalipishwa barazani kwake. Akamgeukia mjane.

"Waridi, rudi nyumbani."

Akaishia hapo. Hakuna aliyemwomba radhi. Mama Waridi alisimama. Badala ya kushika njia ya nyumbani alivuka kiwanja hadi alipokuwa Jean-Marie chini. Jean-Baptiste alisogea mbele, Hippolyte akamzuia kwa mkono.

"Baba Régina," alisema mjane. "Nikuulize neno moja."

"Uliza, mama."

"Kama bwana huyu asingekuja kupima, wangenichomea nyumba, ningeondoka. Kiisha siku moja weye ungeona waya ule umeyeyuka, ungejua. Ungesema?"

Mhunzi alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wametega masikio. Hippolyte, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali, hakuwahi kusikia swali ambalo alitamani kiasi hicho lisijibiwe.

"Sijui, mama," alisema Jean-Marie.

Mama Waridi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi, ingawa kidogo. Akageuka akaenda zake. Umati uligawanyika kumpisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake aliyesimama karibu mno na njia, akamkumbatia na kumfunika uso, mpaka mjane akapita.